Kimbilio na Mzigo Wake

Watu wengi hudhani kwamba kumpokea mkimbizi ni tendo la huruma tu, ambalo mwenyeji aweza kulitoa au kulinyima apendavyo. Sheria ya mataifa yasema vingine, nayo ina nguvu na udhaifu wake. Katika makala hii twakusudia kueleza yote mawili.

Kwanza, ni nani aliye mkimbizi? Mkataba wa Geneva wa 1951 wamtaja mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa OAU wa 1969 uliongeza wale wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya amani ya nchi. Nyongeza hiyo si ndogo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa saa 24. Hakuna ofisi iwezayo kumhoji kila mtu katika umati wa namna hiyo; kwa hiyo walipokewa kwa pamoja, kama kundi.

Pili, ulinzi wenyewe ni nini? Kiini chake ni Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951: mkimbizi asirudishwe mahali ambapo uhai au uhuru wake umo hatarini. Hata hivyo, aliyetenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu hastahili ulinzi huo. Huko Ngara wauaji walijificha katikati ya wanyonge, na kuwatenganisha kukawa kugumu.

Tatu, ni nani aubebe mzigo? Hapa ndipo udhaifu ulipo. Katazo la kumrudisha mkimbizi ni amri. Kusaidiana kwa mataifa kumeachwa bila kipimo. Dibaji ya Mkataba wa 1951 yakiri kwamba baadhi ya nchi zaweza kuelemewa mno, na Mkataba wa OAU wairuhusu nchi iliyoelemewa kuwaomba wenzake msaada, lakini sehemu ya kila mmoja haikutajwa. Matokeo yake yalionekana. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania iliufunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 serikali pamoja na UNHCR zilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walikimbilia ndani zaidi ya nchi, wakageuzwa na askari. Hatusemi haya ili kuihukumu nchi iliyopokea wengi kuliko mataifa tajiri, bali kuonyesha kwamba amri inayoachiwa jirani peke yake huvunjikia mikononi mwake.

Wasomaji wetu waijua miji sita ya makimbilio katika Hesabu 35. Haikuwekwa yote mahali pamoja: mitatu ng'ambo ya Yordani, mitatu katika Kanaani. Shauri la aliyekimbia lilisikilizwa, wala aliyeua kwa kusudi hakufichwa. Basi mchungaji awahubiriye ukarimu washarika walio jirani na kambi ameitimiza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwauliza walio mbali: mji wenu wa makimbilio uko wapi?