Nafasi au Umbali? Istilahi ya Mahali pa Kusoma na Kuandika katika Faili

Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya meta 2. Vipimo vya siku zile haviwezi kuchukuliwa tena. Tuchukulie kwamba karani wa Mwanza amepewa kazi ya kuvihamisha kutoka daftarini hadi kwenye faili ya kompyuta, kila siku ikitengewa baiti 20, naye anafuata mwongozo uliofasiriwa kwa Kiswahili.

Asomapo daftari, karani huweka kidole penye mstari. Kompyuta nayo ina kidole chake: hukumbuka baiti itakayofuata kusomwa au kuandikwa, na kidole hicho husogea mbele chenyewe. Programu itakapo kuruka au kurudi nyuma hutoa amri. Mfasiri wa Kiingereza huvutwa kuiita amri hiyo "kutafuta", lakini hapo hapatafutwi kitu. "Kusogeza" ndilo neno.

Taabu kubwa imo katika "nafasi". "Nafasi katika faili" huweza kueleweka kuwa pahali patupu palipobaki. Tena neno hili humfanya msomaji ahesabu kuanzia moja. Kipimo cha siku ya 10 huanzia baiti 180, kwa kuwa ni siku 9 tu zilizotangulia. Karani akizidisha 10 kwa 20 ataandika juu ya kipimo cha siku ya 11. Wala faili si daftari: maandishi mapya hayaachi alama ya mkato juu ya yale ya zamani, bali huyafuta kimya kimya.

Tunapendekeza "umbali". Msafiri wa Nansio ambaye meli yake haijang'oa nanga Mwanza amekwenda umbali wa 0, na hilo halihitaji kufundishwa. Basi tuandike: "sogeza hadi umbali wa baiti 180 kutoka mwanzo". Katika lugha ya C umbali huweza pia kuhesabiwa kutoka mahali ulipo au kutoka mwisho. Fortran, ambayo huhesabu kumbukumbu kuanzia 1, ibakiziwe "namba ya kumbukumbu".

Wako watakaopenda majina mawili, "kisomeo" na "kiandikio". Hatuafiki. Katika C kidole ni kimoja kwa kazi zote mbili: karani akiisha kusoma kipimo cha siku ya 10 ili akisahihishe, kidole kimekwisha fika siku ya 11, naye hana budi kukirudisha nyuma baiti 20 kabla hajaandika.