Picha za Mitindo Katika Mashamba ya Mkonge: Maandalizi na Usalama, Korogwe na Handeni

Picha ya tangazo la mavazi inayopigwa nje ya studio, yaani shambani, barabarani, kijijini au ukingoni mwa mto badala ya chumba chenye taa, humjia mtazamaji kama kazi ya dakika chache ya mtu mmoja mwenye kamera, ilhali ni kazi ya watu wengi ambayo sehemu yake kubwa hufanyika kabla kamera haijatolewa mkobani. Wilaya za Korogwe na Handeni mkoani Tanga zina kila sababu ya kuwavuta wapiga picha wa mitindo: mistari ya mkonge inayonyooka hadi upeo wa macho, Mto Pangani, safu za Usambara, ardhi nyekundu na vilima vya Handeni, vyote vikifikika kwa lami itokayo Dar es Salaam kupitia Chalinze na Segera. Hata hivyo uzuri huo una masharti, na mpango wa kazi unapaswa kujengwa kuanzia kwenye mwanga na kwenye hatari za mahali penyewe, si kuanzia kwenye orodha ya nguo ambazo mteja anataka zionekane.

Mji wa Korogwe uko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua hupanda na kushuka karibu wima, kwa kiasi cha nyuzi 15 kila saa, hivi kwamba mwanga laini wa pembeni, ambao mpiga picha wa Ulaya ya kaskazini huweza kuufaidi kwa saa kadhaa wakati wa kiangazi, huku hudumu takriban saa moja baada ya macheo na saa moja kabla ya machweo. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, kivuli cha mtu hujikusanya miguuni pake, na macho ya mwanamitindo, yaani mtu anayevaa nguo ili zionyeshwe, huzama katika giza la paji lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mapambo ya uso na nywele hufanyika alfajiri katika nyumba ya wageni mjini, vazi la kwanza likawa tayari shambani kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na muda wa kati ya saa nne na saa tisa ukaachwa kwa mapumziko au kwa picha za kivulini, barazani na chini ya miembe. Pale ambapo safu za Usambara husimama kati ya shamba na jua, miale ya kwanza huchelewa, jambo ambalo halijulikani kwa kutazama saa bali kwa kufika mahali hapo siku moja kabla, wakati uleule wa kazi. Mteja anayetarajia mavazi kumi na mawili kwa siku moja anastahili kuelezwa mapema na kwa uwazi kwamba saa mbili za mwanga mzuri zinatosha mavazi manne au matano, na kwamba yatakayoongezwa yatapigwa kwa jua kali litakalobadilisha rangi na mwonekano wa kitambaa anachokiuza.

Suala la ngozi linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ndilo linaloharibu matangazo mengi ya mitindo katika ukanda huu. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba eneo lote linaloonekana, likichanganywa pamoja, lina wastani wa rangi ya kijivu, na dhana hiyo hupotoka mara mwanamitindo mwenye ngozi nyeusi anaposimama akiwa amevaa nguo nyeupe au akiwa na anga angavu nyuma yake, maana kamera hupunguza mwanga ili kuutuliza weupe huo na uso hubaki doa lisilo na umbo. Tatizo lina historia yake: kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ya Marekani ilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley, na miongoni mwa mambo yaliyochochea filamu ziboreshwe katika kuonyesha rangi za kahawia yalikuwa malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao hazikutokea vizuri pichani. Dawa yake ni kupima mwanga unaoangukia usoni, si ule wa mandhari yote, na kutumia kiakisi, yaani ubao au kitambaa cheupe kinachorudisha mwanga, kikiwekwa pembeni badala ya mbele, kwa sababu ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli. Kiakisi cha rangi ya fedha hakifai kuelekezwa machoni kwa muda mrefu, kwani humuumiza mwanamitindo na kumfanya akunje uso.

Majira nayo yana kauli yake. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia za mashambani kuwa tope, na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta radi za alasiri. Ikiwa kati ya umeme na ngurumo kuna chini ya sekunde 30, radi iko umbali usiozidi kilomita 10, kwa hiyo kazi husimama, stendi za chuma hulazwa, watu huingia ndani ya magari, na hakuna anayetoka mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yenye utulivu, ingawa vumbi la Handeni huingia ndani ya lenzi na kwenye pindo za nguo.

Mkonge unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndio unaopendwa zaidi na ndio unaodharauliwa zaidi. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ilimfikia salama 62 tu, na mashamba yaliyotokana nayo yalipandwa kwa mistari ili mkataji apite na majani yabebwe hadi korona, yaani mashine inayokamua jani na kubakiza singa. Mistari hiyo haikupangwa kwa ajili ya mtu aliyevaa gauni refu. Ncha ya kila jani ina mwiba mgumu mweusi, na jani la mmea uliokomaa huzidi mita moja, hivyo mtu akichuchumaa, miiba huwa kwenye usawa wa macho. Anayekabiliwa na hatari kubwa zaidi si mwanamitindo bali mpiga picha anayerudi kinyumenyume huku jicho lake likiwa kwenye kamera, na kwa hiyo msaidizi mmoja hana budi kusimama nyuma yake akiwa amemshika bega muda wote. Ni salama zaidi kutumia njia pana za shamba au vitalu vilivyokwisha kukatwa majani ya chini, na lenzi ndefu inayoruhusu kusimama mbali huku ikiifanya mistari ionekane imesongamana. Viatu vya buti huvaliwa hadi dakika ya mwisho, mtu mwenye fimbo akitangulia kwa sababu ya nyoka. Utomvu wa jani lililokatwa huwasha ngozi na huhitaji kuoshwa kwa maji mengi. Mahali singa zinapoanikwa panavutia sana kwa rangi yake ya malai, lakini singa kavu hushika moto upesi, kwa hiyo sigara na vifaa vya umeme vinavyopata moto havisogezwi karibu.

Reli ni kishawishi kingine. Njia ya Tanga hupita Korogwe, na pale Mnyuzi huungana na tawi la kutoka Ruvu lililokamilika mwaka 1963. Kwa kuwa treni za abiria zilikoma kwa miaka mingi, wapo wanaodhani njia hiyo imekufa, ilhali safari za Dar es Salaam hadi Moshi zilirejeshwa Desemba 2019 na mizigo hupita pia. Mfano wa madhara unatoka Georgia nchini Marekani, ambako tarehe 20 Februari 2014 waandaaji wa filamu ya Midnight Rider waliweka kitanda juu ya daraja la reli ambalo kampuni ya reli ilikuwa imekataa kulitolea kibali, treni ikatokea, na msaidizi wa kamera Sarah Jones, mwenye umri wa miaka 27, akafa. Mwongozaji Randall Miller alikiri kosa la kuua bila kukusudia mwaka uliofuata na kufungwa. Kilichomuua Sarah Jones hakikuwa bahati mbaya. Wakubwa wa kazi walijua jibu la wenye reli na wakaendelea. Picha katika reli za Korogwe zipigwe kwa kibali cha Shirika la Reli Tanzania na mbele ya mtumishi wake, au zisipigwe kabisa.

Mto Pangani una mamba, maji yasiyokwenda kasi yanaweza kuwa na kichocho, na karibu na mitambo ya umeme ya Hale kina cha maji hubadilika kwa uendeshaji wa bwawa, si kwa mvua pekee. Mwanamitindo hapaswi kuingizwa majini kwa ajili ya picha ambayo ingeweza kupigwa ukingoni.

Vibali vinaanzia chini. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa hiyo mwenyekiti na mtendaji wa kijiji huonwa kwanza, na meneja wa shamba huonwa kwa mashamba ya mkonge. Ndege nyuki, yaani kamera inayoruka bila rubani, huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Katika siku yenyewe, mtu mmoja asiye mpiga picha wala mteja apewe mamlaka ya kusimamisha kazi, kwa kuwa macho ya mpiga picha yamo ndani ya fremu na macho ya mteja yamo kwenye gharama. Huyo ndiye anayehakikisha kwamba kila mtu anakunywa glasi ya maji kila baada ya dakika 15 hadi 20 wakati wa joto, kwamba hema la kubadilishia nguo lipo na halichunguliwi, kwamba gari moja halitumwi popote, na kwamba njia ya kwenda Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au hospitali ya Kwamkono kwa upande wa Handeni, inajulikana kwa dereva. Mtu aliyechanganyikiwa na kuacha kutoka jasho juani hapelekwi kivulini tu na kusubiriwa. Hupozwa kwa maji na kukimbizwa hospitali.

Lililo zito kuliko yote ni watu wa mahali hapo. Msomera, kijiji cha Handeni kilichopokea familia kutoka Ngorongoro tangu 2022, kina wazee na vijana wenye lubega na shanga ambao mpiga picha anaweza kutamani kuwasimamisha nyuma ya mwanamitindo kama pambo, na jambo hilo ni dhuluma ikiwa hawajaelezwa kwamba sura zao zitauza bidhaa na hawajalipwa kama wanavyolipwa wengine. Kanga inayotangazwa huwa na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini, na maneno hayo yasomwe na mwenyeji kabla ya picha, kwa maana kijembe kinachochekwa mjini kinaweza kuwa tusi mbele ya msikiti wa kijiji. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na mtoto wa chini ya miaka 18 awakilishwe na mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilotajiwa. Picha iliyoombwa kwa ajili ya kalenda ya kanga haihamishwi kwenye bango la barabarani mpaka mwenye sura arudiwe na kuulizwa upya.