Gurumo, mwimbaji wa Msondo na Sikinde

Jengo la klabu ya soka ya Simba liko Mtaa wa Msimbazi. La Yanga liko Jangwani, kwenye kona ya Mtaa wa Twiga, na kutoka moja hadi jingine si mwendo mrefu kwa miguu. Kariakoo yote imekulia katikati ya majengo hayo mawili. Lakini jua likishazama, mitaa hii ilikuwa na upinzani wa pili, na huo haukuhitaji refa: Msondo na Sikinde. Familia moja iliweza kugawanyika mara mbili, mchana kwa timu, usiku kwa bendi.

Katika upinzani huo wa usiku alikuwepo mtu aliyeimba pande zote mbili, na kila upande ukaendelea kumhesabu kuwa wake. Ndiye Muhidin Maalim Gurumo.

Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe, nje kidogo ya Dar es Salaam. Muziki aliuanza mwaka 1960. Akapitia Kilimanjaro Chacha, Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, na mwaka 1964 akaingia NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikalibadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na mwisho ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Gurumo aliondoka kwenda kuanzisha bendi mpya, Mlimani Park, iliyokuja na mtindo wa Sikinde. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Jiji. Miaka miwili baadaye mfanyabiashara Hugo Kisima akawavuta Gurumo, Hassan Rehani Bichuka na wenzao kadhaa kwenda Orchestra Safari Sound, na mji ukapata mtindo mwingine, Ndekule. Baadaye Mzee Gurumo akarudi Msondo, na huko ndiko alikostaafia mwaka 2013, baada ya miaka 53 ya kuimba.

Msomaji kijana anaweza kujiuliza kwa nini mwanamuziki kuhama bendi iwe habari kubwa. Sababu ni huo mtindo. Kila bendi ya dansi ilikuwa na jina lake la mtindo, uchezaji wake na wapenzi wake walioapa hawaingii kwingine. Msondo na sikinde ni majina ya ngoma za Uzaramo, hivyo aliyeyasikia hakuhitaji kuelezwa kwamba muziki huu, pamoja na magitaa yake ya umeme na rhumba iliyotoka Kongo na Cuba, umeota mizizi hapa hapa pwani. Mwimbaji akihama aliondoka na sauti, na sauti ndiyo iliyokuwa nusu ya mtindo.

Nyumbani kwa Sikinde palikuwa DDC Kariakoo. Ukumbi huo unastahili kuelezwa polepole, kwa sababu bila kumbi za namna hiyo Gurumo asingekuwa Gurumo tunayemkumbuka. Kariakoo ilishazoea kumbi za watu wa kawaida. Tangu zama za ukoloni palikuwa na vilabu vya dansi na vya taarab, Egyptian na Al-Watan vikiwemo, na pale Mnazi Mmoja ukajengwa ukumbi wa Arnautoglu, uliopewa jina la Mgiriki aliyetoa fedha za kuujenga. DDC ikaendeleza mila hiyo kwa kumbi za Kariakoo, Magomeni Kondoa, Keko na Mlimani. Hizi hazikuwa hoteli za kitalii. Zilikuwa za fundi cherehani, karani wa bandari, muuza vitenge, dereva na mkewe.

Mapatano kati ya bendi na mwenye ukumbi yalikuwa mepesi, na mahali pengi bado ni hayo hayo: viingilio vya mlangoni ni vya bendi, bia na nyama choma ni vya mwenye baa. Kwa hiyo mwimbaji alijua kabla ya kulala kama watu wamempenda au la. Hakungoja ripoti ya mtu.

Ndani, umbali kati ya mwimbaji na mpenzi wa bendi ulikuwa hatua chache. Wimbo wa dansi wa enzi hizo ulianza taratibu, ukisimulia kisa: ndoa iliyoingia doa, rafiki msaliti, mama anayeandika barua, mtu anayeomba radhi. Waimbaji watatu au wanne walisimama mbele na kupokezana. Bichuka, waliyemwita Stereo, alipanda juu. Gurumo alikaa chini yake na sauti nzito, isiyokuwa na haraka. Nyuma yao Michael Enoch, waliyemwita King Enock, alikuwa amezipanga ala za upepo zijibu kile kilichoimbwa. Kisa kikiisha, magitaa yanachanganya, mpiga tumba anapandisha, na waliokuwa wamekaa wakisikiliza wanainuka kucheza. Redioni kipande hicho kilikuwa na mwisho wake. Ukumbini kiliendelea kadiri watu walivyotaka.

Hapo ndipo kutunza kunapoingia. Mama mmoja anasikia ubeti unaomgusa, anainuka mezani, anakwenda akicheza hadi jukwaani na kumwekea mwimbaji noti mkononi au kwenye paji la uso. Ukumbi mzima unaona. Anayemjua anaelewa ni kwa nini ameinuka kwenye ubeti ule na si mwingine. Asiyemjua anaanza kuuliza. Mwimbaji mzoefu akishaona hivyo haachi ubeti upite: anaurudia, pengine anamtaja mtu kwa jina, na meza ya pili nayo inainuka. Kijana mwenye sauti nzuri anaweza kuuimba wimbo ule ule bila kosa na asione mtu akisogea. Kusoma nyuso za watu, kujua nani kaja na nani na usiku huu wana hali gani, ni elimu inayochukua miaka. Gurumo aliisomea miaka 53.

Elimu hii haiko kwetu tu. Marekani wako waimbaji wa soul waliojulikana wakiwa vijana, wakasahauliwa, kisha wakasikika upya uzeeni katika vyumba vidogo vya meza chache. Bettye LaVette wa Detroit alitoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1962 akiwa na miaka 16. Albamu aliyoirekodi mwaka 1972 ilifungiwa kabatini na haikutoka hadi mwaka 2000. Leo anahesabiwa miongoni mwa wakubwa, na moja ya mahali alipoimba tena na tena ni Café Carlyle, New York, ukumbi mdogo ambako anayeketi mbele anasikia hata pumzi ya mwimbaji. Tofauti ni bei: Kariakoo mchuuzi wa soko aliyapata hayo kwa kiingilio alichokimudu.

Soul yenyewe ilishawahi kukanyaga Dar es Salaam, na kwa vishindo. Vijana wa mjini waliipenda kiasi kwamba Novemba 1969, katika zama zile zile ambapo Umoja wa Vijana wa TANU ulipambana na sketi fupi na mawigi kupitia Operesheni Vijana, wakuu wa mkoa waliipiga marufuku. Haikuzimika masikioni mwa watu. Ukisikiliza bendi za vijana wa miaka ya 1970, Safari Trippers ya Marijani Rajabu kwa mfano, utaisikia imekaa kimya ndani ya gitaa.

Marijani huyo, Jabali la Muziki, alikuwa mtoto wa Kariakoo, mzaliwa wa mwaka 1955. Nyimbo zake zilijulikana nchi nzima. Alipofariki Machi 1995 alikuwa ameishia kuuza kanda katika kiduka karibu na nyumbani kwake. Hili halikuwa jambo la bahati yake mbaya peke yake. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, wimbo ukachezwa miaka na miaka, na mtunzi hakupata senti kwa kila ulipochezwa. Ala zilikuwa za shirika au za mwenye bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara mdogo, na kilichobaki alikitafuta ukumbini. Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kilikuja baada ya sheria ya mwaka 1999, wakati wengi wa kizazi hiki walikuwa wameshaimba nyimbo zao kubwa.

Mzee Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, afya ikiwa imemwelemea, nchi ilishtuka kusikia jinsi miaka 53 ilivyomwacha mikono mitupu. Mwaka huo huo mwanamuziki kijana Diamond Platnumz, katika uzinduzi wa video ya wimbo wake Number One, alimkabidhi gari. Lilikuwa tendo jema, na kijana yule anastahili heshima kwa kulifanya mbele ya watu. Lakini gari moja kutoka kwa msanii mmoja si mfumo wa kuwalipa wazee. Gurumo aliitumia zawadi hiyo kwa muda mfupi tu. Alifariki tarehe 13 Aprili 2014 katika Hospitali ya Muhimbili na kuzikwa kijijini kwao Masaki.

Bi Kidude wa taarab alikuwa ametangulia Aprili 2013. Bi Shakila Saidi, naye wa taarab, mzaliwa wa Pangani, akafuata Agosti 2016. Shaaban Dede, naye wa Msondo na Sikinde, Julai 2017. King Kiki, aliyekuja kutoka Lubumbashi na kutuachia Kitambaa Cheupe, Novemba 2024. Kila mmoja wao ameondoka na namna yake ya kuushika ukumbi, ambayo haimo kwenye kanda yoyote. Kanda za Radio Tanzania zinatunza wimbo. Hazionyeshi nani aliinuka mezani.

Ndiyo maana hoja ya kumbi si ya kuonea fahari mambo ya zamani. Kariakoo sasa inajengwa maghorofa ya maduka kutoka mtaa hadi mtaa, na kila futi ya ardhi ina bei yake. Jiji lililowahi kumiliki kumbi na bendi yake lenyewe lina uwezo wa kutenga ukumbi mmoja, hapa Kariakoo au kule Jangwani, wa bei ya mtu wa kawaida, ambamo bendi kongwe zitapiga kwa zamu na waimbaji wachanga watasimama pembeni ya wakubwa na kujifunza. COSOTA nayo iwatafute warithi wa waliokwisha kuondoka.

Na wewe msomaji, ukiona tangazo kwamba Msondo au Sikinde wanapiga mwisho wa wiki, nenda. Lipa mlangoni, kaa karibu na jukwaa, na ubeti ukikugusa inuka ukamtunze mwimbaji angali hai.