Kitabu cha Picha na Gari la Waya: Lugha ya Mtoto Nyumbani katika Milima ya Uluguru

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake mwaka 1930, sehemu kubwa ya shughuli zake ilikuwa kukagua vitabu vya shule na kuviidhinisha. Yaani Kiswahili Sanifu kilipata sura yake, kwa kiasi kisicho kidogo, katika kurasa zilizoandikiwa watoto. Jambo hili wataalamu hulisahau mara kwa mara. Lakini vitabu vile vilikuwa vya darasani, navyo vilisomwa kwa sauti mbele ya mwalimu. Kitabu cha picha kisomwacho nyumbani juu ya mkeka, baina ya mtoto na mkubwa wake, kilikawia kuja. Katika Tanzania kazi hiyo ilipata nguvu tangu mwaka 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto.

Milima ya Uluguru, iliyosimama juu ya mji wa Morogoro, yafaa sana kwa kulichunguza jambo hili. Kiluguru, ambacho Guthrie alikitia katika kundi la G na kukipa nambari G35, kingali chasemwa milimani, na Kiswahili ndicho lugha ya shule, ya soko na ya mji. Tena Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ukoo uitwao lukolo. Kwa hiyo tusemapo "kusoma pamoja nyumbani" hatuna budi kuwahesabu bibi na mjomba, wala si baba na mama peke yao. Bibi asiyejua herufi aweza kukifunua kitabu na kuuliza, "Mjukuu wangu, huyu anafanya nini?" Mtoto humjibu kwa Kiswahili, naye bibi aghalabu huendeleza habari kwa Kiluguru. Maandishi ya ukurasani ni sentensi moja, ilhali mazungumzo yaliyozaliwa nayo ni marefu mno, na hayo ndiyo yamfundishayo mtoto lugha.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba picha hueleweka yenyewe. Mwaka 1960 William Hudson alitangaza matokeo ya majaribio yake ya Afrika Kusini, akidai kwamba watu wengi wasiosoma shule hawakuona umbali katika picha alizowaonyesha. Wataalamu waliomfuata walimpinga kwa haki: picha zake zilikuwa mistari mitupu, na kusoma picha ni mazoea kama yalivyo mazoea mengine. Mazoea hayo hupatikana kwa kuketi na mtu anayeonyesha kwa kidole. Mchoraji naye ana deni lake. Mtoto wa Kinole au wa Matombo hupita njiani akiliona paa la nyumba ya jirani likiwa chini ya miguu yake. Kumpa picha ya nyumba iliyosimama katika uwanda, na kumtaka aeleze "juu" na "chini", ni kumpunguzia alichokwisha kujua.

Kazi za mikono zenyewe zina utajiri mkubwa zaidi kwa mwanaisimu. Tutazame gari la waya. Kiunzi hukunjwa kwa waya, magurudumu hukatwa katika kandambili zilizochakaa, bodi hutengenezwa kwa boksi au kopo, na usukani ni waya mrefu uishiao kwa duara, ili dereva aende wima nyuma ya gari lake. Majina ya vitu hivi karibu yote yametoka ng'ambo: kopo ni la Kireno, gari na debe ni ya Kihindi, karatasi na mkasi ni ya Kiarabu, waya na boksi ni ya Kiingereza. Kandambili peke yake ndilo la nyumbani, nalo lapendeza: ukanda, kanda, kanda mbili, na upatanisho wa ngeli umegandia ndani ya jina. Lakini vitenzi ni vya Kibantu: kunja, kata, funga, toboa, ziba, bandika, chomeka. Bandarini vilishuka vitu pamoja na majina yake. Namna ya kuvishika ilikuwapo tangu zamani.

Na vitenzi hivyo huja viwili viwili. Afungaye hufungua, akunjaye hukunjua, azibaye huzibua. Bandika huacha kiambishi chake na kuwa bandua. Chomeka huwa chomoa, kwa kuwa irabu o ya shina huivuta u iwe o, hali tegua yabaki na u yake ijapokuwa shina lake lina e. Sarufi hueleza kanuni hii kwa majedwali. Mtoto huishika kwa vidole, gurudumu linapochomoka naye akalichomeka tena. Huifahamu hata mipaka yake. Kata haina mwenzi wa namna hii, maana katua ni kung'arisha, na kandambili iliyokwisha kukatwa hairudi kuwa kandambili.

Ugumu hutokea katika majina, mtungaji anapotaka kukiandikia kitabu sentensi zake. Watoto wa Morogoro husema mdoli na tairi. Kamusi hupendelea mwanasesere na gurudumu. Wako wahariri wafutao neno la mtoto bila kusita, na wako waliofutilia mbali lile la kamusi. Yaelekea wote wamekosea kwa haraka. Kitabu cha picha ni mahali pazuri kuliko pote pa kuliweka neno la nadra, kwa sababu picha ni fasiri yake, wala mtoto hahitaji maelezo. Basi neno la kamusi liandikwe, na mdoli asemwe na anayesoma. Vitu navyo havingoji wahariri. Mifuko ya plastiki, ambayo watu waliiita rambo na watoto wakaisokota kuwa mipira, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mipira ikarudi kwenye matambara na maganda makavu ya migomba, ambayo milimani hayakupata kuadimika.

Upungufu ulio dhahiri katika vitabu vingi vya wadogo ni kwamba kila ukurasa huwa na kitu kimoja na jina lake: kopo, mkasi, mpira. Vitenzi huachwa. Ingefaa kurasa mbili zinazotazamana zipewe jozi moja, kunja upande huu na kunjua upande wa pili, mikono ile ile na waya ule ule. Gharama ya rangi yaweza kuepukwa kwa kuchapa mistari myeusi tu. Rangi mtoto atatia mwenyewe, kwa mkaa au kwa manjano ya jikoni.