Kaboni shambani: mkulima wa kahawa wa Thika na Ruiru afanye hesabu kwanza

Mti wa mkima wenye kilo 100 za mbao kavu, shina na matawi pamoja, una takriban kilo 47 za kaboni. Kaboni hiyo yote ilitoka hewani. Majani yaliivuta ikiwa gesi ya kaboni dioksidi, mwanga wa jua ukasaidia kuigeuza sukari, na sukari ikajenga mbao. Ili kujua ni gesi kiasi gani imeondolewa angani, wanasayansi huzidisha uzito wa kaboni kwa 3.67, kwa kuwa kila atomi ya kaboni ilikuja imeshikana na atomi mbili za oksijeni. Mti wetu basi umeondoa kama kilo 170 za gesi. Miti sita ya ukubwa huo ndiyo inayotimiza tani moja, na tani moja ndicho kipimo kinachouzwa katika soko la kaboni.

Ningependa kila mkulima wa kahawa kutoka Gatundu hadi viunga vya Thika na Ruiru aijue hesabu hii kabla hajatia sahihi mkataba wowote. Tuseme tani moja inanunuliwa kwa dola 10, yaani kama Sh1,300. Miaka ya karibuni vyama vingi vya ushirika vimelipa zaidi ya Sh100 kwa kilo ya matunda mabivu ya kahawa. Miti sita iliyomea kwa miaka kadhaa, kwa hivyo, ina thamani isiyofika kilo 13 za matunda. Mibuni miwili iliyotunzwa vizuri hutoa kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Na hapo wapimaji, wakaguzi na madalali hawajachukua fungu lao.

Si soko geni nchini. Mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia ulishughulika na wakulima wadogo wa Kenya zaidi ya miaka kumi iliyopita, wakiwemo wanachama wa ushirika wa kahawa wa Komothai, hapa Kiambu. Mradi uliovuma zaidi ulikuwa wa magharibi mwa nchi, ukisimamiwa na shirika la Vi Agroforestry. Januari 2014 ulipata hati za kwanza za kaboni ya udongo barani Afrika, za tani 24,788. Ukizigawa tani hizo kwa makumi ya maelfu ya wakulima walioshiriki, kila mmoja anapata tani moja au pungufu. Faida kubwa waliyoiona ilikuwa mavuno bora ya mahindi na maharagwe, kutokana na mboji, matandazo na miti waliyofundishwa kuitumia.

Kwenye kahawa mambo ni hayo hayo, ila mbolea ina uzito wa pekee. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una kama kilo 13 za naitrojeni. Bakteria wa udongoni hugeuza sehemu ndogo yake, karibu asilimia 1 kwa makadirio ya kimataifa, kuwa gesi ya nitrasi oksaidi, na kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto mara 273 zaidi ya kilo moja ya kaboni dioksidi. Ukikokotoa, mfuko mmoja unasababisha joto sawa na kilo 55 hivi za kaboni dioksidi. Mifuko mitatu inafuta karibu kazi yote ya ule mti wetu wa mkima. Sisemi mkulima aache mbolea. Mbuni usiolishwa hauzai. Nasema apimiwe udongo, aweke kinachohitajika, na maganda yanayorundikwa kiwandani yarudi shambani yakiwa mboji. Maganda na maji machafu vikiachwa vioze bila hewa hutoa methani, tena huharibu mito ambayo watu wa chini wanaitegemea.

Kivuli nacho kinahitaji akili. Kahawa ya arabika hupenda nyuzijoto kati ya 18 na 22 hivi, na miti kama mkima na muringa hupunguza ukali wa jua. Lakini kivuli kizito hushika unyevu, na unyevu ndio unaoueneza ugonjwa wa chulebuni, maarufu kama CBD, uliogunduliwa Kenya mwaka 1922. Wenye mibuni ya aina ya SL28, ambayo huugua upesi, wapogoe miti yao bila kuchoka. Watafiti wa kahawa wa Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, zote zikistahimili ugonjwa huo. Kupuliza dawa kidogo ni nafuu ya mfuko, na ni nafuu ya mapafu na ngozi ya anayebeba pampu mgongoni.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ardhi. Mnunuzi wa kaboni anataka miti ikae miaka mingi, pengine 20 au zaidi. Ruiru na Thika tumeona mashamba makubwa ya kahawa yakigeuka mitaa ya nyumba, Tatu City ikiwa mfano ulio wazi, na mashamba madogo yakigawanywa kwa watoto. Mzee akitia sahihi leo, ni nani atakayebanwa na mkataba huo shamba likiwa vipande vinne?

Sheria haijamlinda vya kutosha. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka jamii ipewe angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhi, baada ya gharama kuondolewa. Kifungu hicho kinahusu ardhi ya umma na ya jamii. Mwenye hati miliki ya ekari moja anabaki na kile atakachojadiliana mwenyewe, na ndiyo maana ni heri ajadiliane kupitia chama chake.

Pia, soko hulipia kaboni iliyoongezeka baada ya mradi kuanza. Mikima iliyo mpakani tangu enzi za babu haihesabiwi.

Kwa hivyo, mkulima mwenzangu, panda miti na tengeneza mboji kwa ajili ya kahawa yako, hata pasipo mnunuzi wa kaboni. Akija, muulize fungu lako ni asilimia ngapi, utalipwa lini, mkataba ni wa miaka mingapi, na itakuwaje ukiuza shamba. Usitie sahihi siku hiyo. Baki na nakala, uisome na watoto wako, kisha uipeleke kwa wakili kupitia chama.