Mvumo Usioisha Ukipunguza Sauti

Redio nyingi za ridhaa za mezani zimeundwa ziendeshe spika. Amplifaya yake hutoa wati 1 au 2 kwa spika ya omu 8, kwa sababu mazungumzo lazima yasikike chumbani hata feni ikizunguka. Eafoni za kuziba sikio, zile zinazokuja na simu, mahitaji yake ni madogo mno. Nyingi ni za omu 16 au 32, na miliwati 1 tu inatosha kuzipandisha hadi desibeli 100 na zaidi.

Piga hesabu. Wati 1 kwenye spika ya omu 8 ni volti 2.8. Volti hizohizo kwenye eafoni ya omu 16 zinatoa miliwati 500. Eafoni ya desibeli 105 kwa miliwati ingefika kama desibeli 132, isipoungua kwanza. Ndiyo maana kituo cha jirani kikiingia ghafla, msikilizaji huruka na kuivua.

Lakini kinachowaudhi watu zaidi ni ule mvumo wa “shiii”. Wanazungusha volyumu hadi sifuri, nao bado upo. Sababu ni mahali ilipo volyumu: hukaa kabla ya amplifaya ya mwisho. Hupunguza sauti inayoingia kwenye amplifaya, ila haiwezi kugusa kelele ambayo amplifaya yenyewe inaizalisha. Kwenye spika kelele hiyo haikusikika. Eafoni nyeti inaitoa yote.

Kwa hiyo punguzo liwekwe baada ya amplifaya. Mimi hupendelea rezista mbili za robo wati. Ya omu 100 inakaa kwenye waya wa sauti. Ya omu 10 inaunganishwa baada yake, kutoka waya huo hadi waya wa pamoja, sambamba na eafoni. Kwa sikio moja la omu 16, volti zinazopita ni kama sehemu 1 ya 17, yaani desibeli 25 hivi pungufu. Mvumo unazama. Sauti nayo inashuka, ndiyo, lakini sasa unapandisha volyumu na kuirudisha, na mvumo wa amplifaya haupandi nayo.

Wapo wanaoweka rezista moja tu ya omu 100 na kuridhika. Inafanya kazi, lakini ukinzani wa eafoni hubadilika kadiri sauti inavyopanda kutoka besi hadi nyembamba, na rezista moja kubwa hukuza tofauti hizo. Kwa mazungumzo ya hezi 300 hadi 2,700 hutaona shida kubwa. Hiyo ni kero ya wapenzi wa muziki.

Kulinganisha omu kwa omu, ambako wazee wa fani bado hukusisitiza, kulikuwa na maana enzi za hedfoni za omu 2,000 na redio za valvu zilizohitaji transfoma. Hapa tunalinganisha kiwango cha sauti.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, kagua tundu la spika la nyuma kama ndilo utakalochomeka eafoni, hasa kwa redio za garini. Washa redio, weka mita kwenye volti za DC, pima kila waya wa spika dhidi ya bodi, yaani kasha la chuma la redio. Nyaya zote mbili zikionyesha kama nusu ya volti za betri, hakuna uliounganishwa na bodi. Ukiugusisha mmojawapo na bodi kupitia pini ya eafoni, unaweza kuiua amplifaya papo hapo. Na tundu likiwa la mono, pini ya stereo italinyamazisha sikio la kulia. Hapo redio ni nzima.

Mvumo ukitoweka volyumu inapofika sifuri, amplifaya haina kosa. Pandisha tena kidogo, chomoa antena. Kelele ikishuka sana, inatoka nje: chaja ya simu, taa ya LED, inveta ya sola. Rezista haisaidii hapo. Iweke redio kwenye betri, kisha zima vifaa vya nyumbani kimoja kimoja.