Madoa ya Ukutani

Wasikilizaji, watu wengi wakiona doa ukutani hukimbilia ndoo ya chokaa. Hupaka, wakafurahi, baada ya siku chache doa latokea tena palepale. Kosa si la chokaa. Doa lilifunikwa tu, halikuondolewa. Basi kabla ya kupaka, yatupasa kujua doa lile limetoka wapi.

Kwanza ni masizi ya jikoni. Moshi wa kuni una utomvu mweusi kama lami, nao hupenya chokaa mpya na kuitia rangi ya hudhurungi. Fagia ukuta kwa ufagio mkavu, ukianzia juu, kisha uuoshe kwa maji ya moto na sabuni, na kuusuuza. Lakini ukuta wa udongo usiuoshe, maana utamomonyoka. Ukwangue, kisha uukandike upya.

Pili ni ukungu, yaani madoa meusi au ya kijani. Huu usiufagie ukiwa mkavu, maana vumbi lake huingia kifuani, na mwenye pumu aweza kushikwa vibaya. Ulowanishe, uusugue kwa sabuni, kisha ukaushe ukuta. Wengine hutumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Dawa hiyo usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala amonia. Hutoka hewa ya sumu iwezayo kuua. Na usipoziba paa linalovuja na kufungua madirisha, ukungu hauna budi kurudi.

Tatu ni unga mweupe wa chumvi, uonekanao sana katika nyumba za mawe za pwani. Huu hautaki maji: maji huuyeyusha ukazama ukutani, na ukuta ukikauka hutokea tena. Ufagie kwa brashi kavu, uutupe nje, kisha utafute mahali unyevu unapoingilia.

Madoa yakiisha, lowanisha ukuta kidogo, upake chokaa nyembamba mara mbili au tatu, ukingoja kila mpako ukauke. Linda macho yako, na watoto wasikaribie, kwa kuwa chokaa huunguza. Ikiingia jichoni, lioshe mara moja kwa maji safi mengi, kisha nenda hospitali.

Kidonda hakifungwi kitambaa kabla ya kusafishwa. Na ukuta ni vivyo hivyo.